Nilifukuzwa Ulinzi kwa Kulala, na Nashukuru

Salamu kwenu nyote mnaosoma haya, na hasa wewe ambaye usiku wa jana ulikaa kitandani ukisubiri kuche. Jina langu ni Elifuraha, mtu wa Mhezi, kule juu Upareni ambako mawingu huingia jikoni bila hodi. Jana nililala. Nililala mpaka jogoo akachoka kuwika. Kwa wengine hiyo si habari, lakini kwangu ni habari kubwa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nianze na zamani. Nilikuwa bingwa wa kulala. Miaka ile ya shida, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Mama akisikia duka la kijiji limepata sabuni, ananiamsha alfajiri na kunikokota hadi kwenye mstari. Watu wengine walishika nafasi zao kwa kuweka jiwe. Mama aliniweka mimi, akarudi kukamua ng'ombe. Nililala pale pale, kichwa kwenye kikapu cha mtu, na foleni ikisogea walinivuta kwa blanketi. "Msogezeni gogo la Mama Elifuraha," walisema. Jina la Gogo likanishika mpaka darasa la saba.

Na nilikuwa naota. Ndoto yangu kubwa ilikuwa ya baiskeli. Naruka nayo kutoka Mhezi mpaka Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, narudi na gunia la mchele nyuma, kengele inalia juu ya mawingu. Asubuhi nilimsimulia mama yote. Yeye alikoroga uji na kuniuliza, "Sasa huko Ndungu ulikofika, chumvi hukukumbuka kuninunulia?"

Nilikuwa pia mtoto wa koo. Baridi ikizidi koo linavimba, hata mate hayapiti. Mwaka mmoja, koo lilipopoa tu, magoti yakavimba yakawa ya moto. Goti hili likipona, la pili linaanza, kisha kifundo cha mguu. Mama alinisugua kwa mafuta ya nyonyo. Nikapona, tukasahau. Wewe usiyasahau hayo magoti.

Nilipokuwa kijana, mambo ya foleni yakaisha. Kila kitu kikawa ruksa. Same mjini maduka yakafunguliwa moja baada ya jingine, ya mitumba, ya redio, ya mabati na misumari. Nikajua wakati wa baiskeli yangu umefika. Nitaipata, nitashuka Ndungu kweli, nitauza mchele mjini. Tatizo ni kwamba mlima wetu ulianza kunikataa. Nilikuwa napanda na mzigo wa tangawizi huku naimba, sasa kila kona nasimama. Wenzangu wakiuliza, nasema natazama mandhari. Mandhari yenyewe ni ukungu mtupu.

Kisha usiku nao ukabadilika. Nikilala chali, baada ya muda naamka ghafla kama mtu amenitupia gunia bichi kifuani. Nakimbilia dirishani, nafungua, nauma hewa kama mtu anayekula. Nakohoa makohozi yenye povu. Moyo unakwenda mbio, halafu unaruka, halafu unakwenda mbio tena. Mto mmoja haukutosha, nikaongeza wa pili. Wa pili haukutosha, nikaegemea gunia la maharage. Mwishowe nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, na hapo pia silali.

Jirani mmoja alisema ni jinamizi linanikaba. Mama alicheka, maana tulikuwa hatujaogopa bado. "Jinamizi gani. Huyu usingizi wake wote aliumalizia kwenye foleni ya sabuni."

Nami nikaamini hivyo. Ndugu zangu, hili ndilo kosa letu. Hatukuona ugonjwa, tuliona kipaji. Niliposikia kwamba Mama Rehema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Same, anafukuza walinzi kwa sababu wanasinzia, nilishuka mbio, yaani mbio zangu zile za kusimama kila kona.

"Shikamoo, Mama. Mimi silali," nilimwambia.

"Marahaba. Kila mlinzi anasema hivyo."

"Njoo uniangalie saa yoyote."

Alikuja. Alininyatia usiku zaidi ya mara moja, akanikuta nimekaa wima kwenye kiti, rungu mapajani, macho wazi. Alinisifu mtaa mzima. Wenye maduka walikuja kunitazama kama watu wanavyotazama redio mpya. Nami nikavimba kichwa. Miguu pia ilivimba, lakini hiyo sikuijali. Nilifungua kamba za viatu, nikaona ni vya kubana.

Duka la jirani la vitambaa lililindwa na Mzee Lusajo. Huyu ni Mnyakyusa. Mkonge ulimleta huku akiwa kijana, akazeekea hapa. Yeye alilala kazini kama mtoto aliyenyonya, na kila alfajiri aliamka na kunikuta vilevile.

"Wewe Mpare," aliniambia, "hata usingizi unaubania?"

"Naweka akiba, Mzee."

"Utakuja kuufungulia duka."

Tulicheka sana mimi na yule mzee. Lakini siku moja hakucheka. Alinisogelea karibu, akanitazama mdomo.

"Kijana, zambarau umezitoa wapi msimu huu?"

"Zambarau gani, Mzee? Sijala."

"Mbona midomo yako ni ya zambarau?"

Nilijifuta kwa mkono. Hakikutoka kitu.

Siku chache baadaye niliwahi kufika kazini, jua lingali juu. Nikaegemea mifuko ya saruji barazani, nikasinzia. Nilipozinduka nikitweta, Mzee Lusajo alikuwa amepiga magoti mbele yangu, kofia mkononi.

"Elifuraha, nilidhani nimekuzika," alisema. "Umelala, ukavuta pumzi, ukanyamaza. Nikangoja. Hakuna. Nikakuita. Hakuna. Kisha ukavuta kama mtu aliyetoka majini, ukahema haraka haraka, ukanyamaza tena. Hivyo hivyo, tangu nimekaa hapa."

Mama Rehema alisikia akiwa ndani. Akatoka, akaniinamia, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo. Akalitazama lile shimo mpaka likajaa.

"Mume wangu alianza hivi," alisema. "Kesho tunapanda basi. Na usiniambie habari za kazi."

Hospitali ya Same ikatutuma kwenye hospitali kubwa, mbali na kwetu. Mama yangu alitufuata huko na blanketi. Daktari alikuwa dada mmoja mpole, mwenye sauti ndogo. Aliniwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu kama anasikiliza habari za redio yenye mawimbi mabaya.

"Kaka, ulipokuwa mtoto, uliwahi kuumwa koo halafu viungo vikavimba?"

Mama akaweka mkono mdomoni. "Magoti," akasema. "Niliyasugua mimi mwenyewe."

Usiku ule walinibana kidoleni kidude kama kibanio cha nguo, kina waya na taa nyekundu. Kinasoma hewa safi iliyo ndani ya damu bila kukutoboa. Mimi nikamwonya daktari kwamba atapoteza usiku wake bure, kwa kuwa silali. Asubuhi alikuja akaketi kitandani pangu.

"Nani alikuambia hulali?"

"Kila mtu, daktari. Ndiyo kazi yangu."

"Unalala. Unalala vipande vipande. Kila ukilala, pumzi inapotea, hewa kwenye damu inashuka, na mwili unakuamsha ili usife. Yale magoti ya utotoni yaliacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo wako. Mlango haufunguki vizuri, damu inarundikana nyuma yake, mapafu yanalowa maji. Ukilala chali, maji yanasambaa. Hukuwa unakesha, kaka. Ulikuwa unazama na kuibuka, usiku kucha."

Mama akauliza lile nililoliogopa. "Atakufa?"

"Akiendelea vile alivyokuwa, hafiki mbali. Akishika dawa na masharti, nina matumaini naye."

Hapo kicheko kiliniishia kabisa. Na sasa nikawa na ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, niliogopa kulala. Zamani usingizi ulinikimbia mimi. Sasa mimi niliukimbia. Kila kope zikishuka nawaza, je, na safari hii nitaibuka? Walinipa hewa ya mtungi kwa mrija wa puani, nami nikaushika ule mrija kwa mikono miwili kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake.

Lakini dawa zikafanya kazi. Ile ya mkojo, ndugu zangu, ilikuwa kama wamefungulia mfereji wa mpunga kule Ndungu. Nilikwenda chooni nikarudi, nikaenda tena. Asubuhi moja nikavua soksi nikaona vifundo vya miguu yangu. Nilikuwa nimevisahau. Nikavisalimia. Makohozi yakakauka, midomo ikarudi rangi yake. Nilipewa vidonge vya moyo na sindano ya kila mwezi ya kuzuia koo lisirudi kuniumiza, nikaambiwa niache chumvi. Makande yasiyo na chumvi yanahitaji ushuhuda wake peke yake, lakini nayala.

Nikarudi Same. Mama Rehema alikuwa ameniwekea kazi yangu. Alinikataza kubeba kitu, nikae tu. Daktari alisema nijaribu kupunguza mito kidogo kidogo. Sikujaribu. Niliendelea kukaa wima na rungu langu, na watu wakaendelea kunisifu, ila safari hii nilijua wanasifu woga. Mzee Lusajo alijua pia. Hakuniuliza. Alisogeza kiti chake karibu na changu, basi.

Alfajiri moja mgongo uliniuma. Adhana ilikuwa inaanza. Nikasema nijinyooshe kidogo juu ya mifuko ya saruji, mgongo tu. Hayo ndiyo ninayokumbuka.

Halafu niko juu ya Ndungu. Mashamba ya mpunga chini yanametameta, naendesha baiskeli, gunia liko nyuma, kengele inalia. Sikuwa nimeiota ndoto hiyo kwa muda mrefu sana.

Nilifumbua macho jua likiwa usoni. Kitu cha kwanza nilichoona ni miguu. Miguu mingi, imejipanga. Fundi seremala na futi yake, vijana wawili na mkokoteni, mama wa chai na birika, na nyuma yao wengine mpaka kona. Wote kimya. Mzee Lusajo alikuwa amekaa kichwani pangu, rungu lake mapajani, kidole mdomoni. Mama Rehema alisimama mlangoni na funguo, hajafungua. Ule mlango wake wa chuma ukifunguliwa hulia kama treni inayofunga breki.

Nikafumba macho tena, nikasikiliza.

"Mama Rehema," fundi alinong'ona, "mimi nataka misumari tu."

"Subiri zamu yako."

"Tangu miaka ya sabuni sijapanga foleni namna hii."

"Basi ujikumbushe."

"Lakini huyu si ndiye mlinzi?" akauliza kijana wa mkokoteni.

"Ndiye," alijibu Mzee Lusajo. "Na mimi ndiye mlinzi wake. Nimemsikiliza tangu adhana. Hajakata pumzi hata mara moja. Ukimwamsha utanikuta."

Hapo nikashindwa kujizuia. Niliketi, nywele zote zimejaa saruji.

"Mama, nisamehe. Nililala."

"Nimeona," alisema Mama Rehema. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Chali kabisa, mdomo wazi, na bila mto. Mlinzi anayelala mimi simtaki. Umefukuzwa ulinzi. Kesho uje mchana, ukae kwenye kiti, uuze misumari."

Foleni nzima ikapiga makofi. Mama wa chai akanimiminia kikombe. Mzee Lusajo alinipiga begani. "Mpare," akasema, "leo umetoa."

Tangu siku hiyo nalala, kwa mto mmoja na nusu. Sijapona kama mtu anavyopona malaria. Lile kovu lipo, dawa nakunywa kila siku, na ikifika siku ya sindano sikosi hata mvua inyeshe. Lakini usiku ni wangu tena.

Wewe unayesoma, ukiona unahitaji mto wa pili, na kesho wa tatu, usinunue mito, nenda hospitali. Ukiona mwenzako ameacha kulala, usimsifu. Kaa naye akisinzia, umsikilize anavyopumua. Mwangalie midomo na miguu. Na mtoto akiumwa koo, kisha magoti, mafuta ya nyonyo mpake ukitaka, ila mpake njiani mkienda zahanati. Dawa zikikufaa, usiziache kwa sababu umepata nafuu, maana nafuu yenyewe ni hizo dawa. Na kama unaogopa kulala, kama nilivyoogopa mimi, tafuta mtu akae karibu nawe. Siyo lazima aseme kitu.

Namshukuru Mungu, na yule daktari wa sauti ndogo, na Mama Rehema. Mzee Lusajo nimemshukuru kwa mdomo wangu, akanifukuza akisema namkatizia usingizi.

Juzi nilipanda Mhezi kwa gari la mizigo. Nilimkuta mama anakoroga uji, nikakaa jikoni na mawingu yakaingia kama kawaida. Nikamsimulia ndoto yote, baiskeli, mpunga, kengele, gunia. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi.

"Na safari hii huko Ndungu," akaniuliza, "chumvi hukununua?"

"Sikununua, Mama."

"Vizuri," akasema, akanipa uji.