Jasumati Hahamii Leicester

"Nitaizunguka India na mzigo mgongoni, peke yangu, na sitamwomba mtu msaada hata wa kunifungulia mlango!"

Maneno hayo aliyasema Jasumati, mjane wa miaka hamsini na kitu, kwenye kipaza sauti cha arusi ya watu wengine, katika ukumbi wa kukodi hapa Birmingham, mwaka 1972. Bwana arusi alikuwa amesimama kando yake na kisu mkononi, akisubiri kukata keki. Alisubiri sana.

Tuseme haki, mama wa watu alichokozwa. Dakika chache kabla ya hapo mwanawe Narendra, mfamasia wa Leicester, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alipanda jukwaani kuwapongeza maarusi. Akawapongeza vizuri tu, kisha akamalizia na jambo lisilowahusu: mama yake sasa amechoka, anaacha kazi, anauza nyumba yake ya mtaa wa Aston na kuhamia kwake Leicester kulea wajukuu. Watu wakapiga makofi. Jasumati naye akapiga makofi, maana alikuwa anakula na hakusikia. Jirani yake wa meza alipomsimulia habari, aliweka sahani chini.

"Mama hawezi kukaa peke yake," Narendra akaendelea, na hapo ndipo alipojichimbia shimo. "Juzi amepanda basi la kuzunguka jiji, akazunguka nalo mara mbili akingoja kituo cha mwisho."

Ilikuwa kweli. Basi lile linakwenda duara, mwisho halina, na kondakta ndiye aliyemshusha kwa kumwonea huruma. Lakini kweli ya mtu haitangazwi kwenye arusi ya mtu mwingine. Jasumati alipanda jukwaani, akampokonya mwanawe kipaza sauti, akajisifu hivyo nilivyoeleza.

Narendra alicheka mbele ya ukumbi mzima. "Haya! Mama akienda na kurudi bila kuomba msaada, nyumba ni yake na mimi sitaitaja tena. Akiomba hata mara moja, anakuja Leicester."

"Wamekusikia," mama yake akamwambia. "Sasa mwacheni huyu mtoto akate keki."

Wakati huo mimi nilikuwa mpangaji wake, chumba cha juu. Jasumati alizaliwa Nakuru, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akaolewa Nakuru, akazaa Nakuru, akahamia huku mwaka 1968 na mume ambaye baridi haikumpa hata miaka miwili. Alipofiwa hakurudi kwa mtu. Aliingia kiwanda cha skrubu huko Tyseley, akasimama kwenye mashine kutwa nzima, mikono ikawa kama ya mchonga mawe. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Nakuru, cha kasi na bila msamaha. Huko nyumbani baba yangu mdogo alikuwa mpishi kwa watu kama yeye. Huku Aston mimi nililala juu ya kichwa chake, na mpishi alikuwa yeye. Sote wawili tulilijua hilo, tukawa tunalichekea jikoni.

Na India? Hakuwahi kuikanyaga. Aliijua kama mimi ninavyoijua mbinguni: kwa kuhadithiwa na watu wenye uhakika.

Akanunua mkoba wa mgongoni wa kijeshi kwenye duka la vitu vya mitumba karibu na soko, akauleta jikoni.

"Kamau, huu mkanda unakwenda wapi?"

"Begani, mama."

"Na huu?"

"Kiunoni."

Akajitazama juu mpaka chini. "Kiuno ni wapi hapa? Wewe ndiye uliyesoma, nionyeshe."

Mazoezi aliyafanya kwa kuutia mkoba unga wa ngano na kuuzungusha mitaa ya Aston, sari ameipandisha, miguuni raba nyeupe. Jumamosi moja akakutana na umati wa mpira ukielekea uwanjani. Wakampisha kwa heshima, na mmoja, akimdhania mchuuzi, akamuuliza kama pai zake ni za nyama. Mwezi wa kumi alipoondoka, mle mkobani mlikuwa na jiko la primus, sufuria, kibao cha kusukumia chapati, blanketi na chupa ya achari ambayo, kama ingepasuka, ndege ingelazimika kutua.

Alishuka Delhi akitazamia Nakuru kubwa. Kwenye stesheni ya treni hamali wanne wakaushika mkoba wake kwa pamoja, kila mmoja akiuvuta kwake, na Jasumati alipokasirika, Kigujarati kikakimbia, Kihindi kikakimbia, kikabaki Kiswahili peke yake, cha kutukania.

"Wacha mzigo wangu! Shenzi wewe! Umepakia wewe?"

Hamali wakaachia. Kutoka kwenye benchi, mwanamume mmoja aliyekaa juu ya sanduku lake akasema, "Pole pole, mama. Matusi hayo ni ya Nakuru au ya Eldoret?"

Alikuwa fundi wa saa wa Kampala. Ule ndio mwaka Wahindi walipofukuzwa Uganda, magazeti ya dunia nzima yakiandika habari zao, na yeye alikuwa amefika Delhi na lile sanduku tu. Wakanywa chai pamoja na kuizungumza mihogo ya kukaanga kama watu wengine wanavyozungumza juu ya marehemu.

"Kampala niliitwa Mhindi," fundi alisema. "Hapa naitwa Mwafrika. Nikipata nafasi ya kuja huko kwenu Birmingham, nitaitwa nani?"

"Huko utaitwa anayefuata," Jasumati akamjibu. "Kila kitu ni foleni."

Alipanda treni ya kwenda Gujarat, daraja la tatu. Humo, sakafuni karibu na mlango, akawakuta Wazungu wawili vijana: msichana mwenye shanga kama duka, na mpenzi wake mwenye ndevu za kufika kifuani, amejikunja kama kamba iliyoloa. Msichana aliitwa Maureen na mvulana aliitwa Keith. Walikuja kwa nchi kavu, wakitafuta utulivu wa roho. Keith alianza kuutafuta Istanbul, akapata kuharisha Kabul, na ndicho kitu pekee kilichokuwa kimemtulia.

"Kwenu wapi?" Jasumati akamuuliza msichana, kwa Kiingereza chake cha kiwandani.

"Birmingham. Ladywood, kwenye yale maghorofa."

"Ladywood! Mimi Aston!"

Wakakumbatiana mpaka sufuria ikalia. Watu hawa wawili, wangekutana kwenye basi la kwao, kila mmoja angetazama dirisha lake.

Kituo kilichofuata Jasumati aliwasha primus, akamchemshia Keith maji ya mchele yenye chumvi na kumnywesha pamoja na karipio. Keith akasimama. Tangu hapo hawakumwacha. Maureen akawa anamtazama kama mtawa. Siku moja akamwomba amwambie siri ya maisha.

"Chemsha maji," Jasumati akamwambia.

Maureen akafumba macho kulitafakari neno hilo.

"Kamau, wale watoto walikwenda kumtafuta Mungu," aliniambia baadaye. "Hata sabuni walikuwa hawajaipata."

Basi wakafika watatu hao kwenye kijiji cha marehemu baba yake, karibu na Jamnagar. Na hapa lazima ujue desturi. Mtu wa kijiji kile akirudi kutoka ng'ambo, anarudi kwa gari la kukodi. Ana masanduku, ana saa mkononi, ana zawadi za kila shangazi, hata yule asiyezungumza naye. Hajapata kuja mtu wa ng'ambo kwa miguu, mavumbi mpaka nyusi, raba zimekuwa nyeusi, nyumba yake yote mgongoni ikigonga-gonga, na nyuma yake Wazungu wawili wenye njaa. Mwaka ule watu wa Afrika waliofika na mzigo mmoja walikuwa wa aina moja tu, na picha zao zilikuwa magazetini.

Wanawake wa nyumbani wakaangua kilio.

Jasumati alidhani ndivyo India inavyowapokea watu wake, naye akalia kwa adabu. Wakamwosha miguu. Akaona, kumbe heshima ni hii! Wakamletea sari kuukuu, akashukuru. Jioni sahani ikapitishwa ya kuchangia mjane aliyenyang'anywa kila kitu na serikali ya Afrika. Jasumati akamwonea huruma sana mjane huyo, akatoa mchango mkubwa kuliko wote.

Baba yake mdogo, mzee wa pale, alikuwa na anwani ya Narendra kutoka kwenye kadi za arusi za ukoo. Alikwenda posta kimya kimya na kupiga telegramu Leicester: mama amefika, amefukuzwa, hana kitu, njoo.

Narendra akaja kwa ndege, halafu kwa gari la kukodi, suti ya sufu, sanduku la ngozi, zawadi za kila shangazi. Kijiji kikapumua. Sasa huyu ndiye mtu wa ng'ambo.

"Mama," alisema kabla hajaketi, "umeomba msaada. Leicester."

"Nani ameomba?"

"Mimi ndiye niliyempigia telegramu!" baba mdogo akajibu kwa fahari. "Yeye maskini haombi, ana haya. Amekaa hapa siku zote anajifanya mtalii."

Ukaja ubishi ambao kijiji kizima hakikuuelewa, maana hakuna aliyejua Leicester ni ugonjwa gani. Narendra alishikilia kwamba telegramu imepigwa, chakula kimeliwa, sahani imepitishwa kwa jina lake, na kupokea ni sawa na kuomba. Jasumati aliapa kwamba kwenye sahani ile yeye alichangia. Watu wakamtazama kwa huruma zaidi.

Maureen ndiye aliyenisimulia kilichofuata, kwa sababu Jasumati mwenyewe hukiruka. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba ya baba yake, mkoba magotini. Maureen akaketi kando yake.

"Nikienda kwake," Jasumati akasema, "nitakuwa mama wa mtu kutwa nzima. Aston mimi ni Jasumati."

Kesho yake waliondoka wote wanne. Narendra alitaka daraja la kwanza. Mama yake akasema safari haijaisha na bado ni yake, yeye anapanda la tatu, anayetaka kumshinda amshindie humo humo. Rajkot walipobadilisha treni, Narendra, ambaye hakutaka sanduku lake lichafuliwe na mbuzi wa abiria, alimkabidhi hamali na kumwamuru kwa Kiingereza: daraja la kwanza. Hamali akatii. Alilipandisha daraja la kwanza, ila la treni ya Bombay. Sanduku likaenda zake kwenye kiti cha sponji kama bwana mkubwa, na mwenye sanduku akabaki kwenye treni ya Delhi, amesimama kwa mguu mmoja, pasipoti, tiketi na pesa kidogo tu mfukoni.

Joto nalo likamsukuma kununua maji ya miwa yenye barafu.

"Usinywe hayo," Keith alimwambia, kama mtu anayejua.

"Mimi ni mfamasia," Narendra akajibu, akamaliza gilasi, akaongeza ya pili.

Ufamasia wake ulimfikisha mbali kidogo tu. Baada ya hapo alikuwa sakafuni karibu na mlango, rangi ya achari changa, akitazama choo cha behewa ambacho kilikuwa na foleni ya Birmingham kabisa. Dawa zake zote zilikuwa zinaelekea Bombay.

"Mama," alisema.

"Nakusikia."

"Mama... nisaidie."

Jasumati hakusogea. "Maureen, umesikia?"

"Nimesikia."

"Keith?"

"Mimi nilisikia tangu alipokuwa ananywa."

"Basi katika safari hii nzima," Jasumati alimwambia mwanawe, "mtu mmoja ameomba msaada. Nyumba ya Aston ni ya nani?"

"Ni yako."

"Behewa halijasikia."

"Ni yako, Mama! Ni yako!"

Behewa zima likapiga makofi, bila kujua linapigia nini. Hapo ndipo Jasumati alipoinuka, akawasukuma watu wa foleni kwa mikono ile ya skrubu, akamfikisha mwanawe mlangoni mwa choo, akichelewa kidogo tu. Kituoni akawasha primus. Suruali ya sufu haikuwa ya kuokoleka, kwa hiyo Keith akatoa ya kwake ya akiba, pana, ya maua ya zambarau. Mfamasia wa Leicester alishuka London mwezi wa kumi na moja amevaa hiyo, tai shingoni. Mkewe, aliyekuja kumpokea, alimpita mara mbili.

Narendra alitimiza ahadi. Nyumba hakuitaja tena. Kiwandani Jasumati akarudi kwenye mashine yake, na mkoba akauning'iniza msumarini jikoni.

Kosa lilikuwa la Maureen na Keith. Huko njiani, kila waliyekutana naye mwenye mzigo mgongoni walimpa anwani ya Aston na kumwambia kuna mama anayejua kuchemsha maji. Majira ya machipuko wakaanza kubisha hodi: Wajerumani, Waskochi, Mwastralia mmoja mwenye filimbi. Jasumati aliwasimamisha uani wakung'ute blanketi kwanza, akaweka vitanda vinne chumba cha mbele, akabandika karatasi dirishani.

Jumapili moja Narendra alikuja kumsalimu, mvua ikanyesha, gari likakataa kuwaka.

"Mama, nilale wapi?"

"Chumba cha mbele, kitanda cha dirishani. Cha kando yako anacho Keith."

"Lakini mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana nikakupa cha dirishani. Umesoma karatasi?"

Narendra akatoka mvuani kwenda kuisoma. Kitanda na chapati mbili za asubuhi, peni sitini.