Jina la Baba kwenye Fomu ya Benki

Ipo siku moja ya mavuno, mwanangu, ambayo huirudia kila nikikaa peke yangu. Ni miaka michache baada ya uhuru, na baba anashuka kwenye lori hapa Karatu, akitoka Arusha mikono mitupu.

Tulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, yeye na mimi. Aliinunua kwa kuuza ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari, nikijiona najua mengi. Watu walikuja na punda zao kutoka vijiji vya Qurus na Endabash, na baba akiwapokea mlangoni kwa utani hadi foleni nzima icheke.

Fedha za mashine zilikaa katika benki kongwe mjini Arusha. Baba hakujua kuandika. Alitia dole gumba. Karani wa pale, mtu wa Singida, alimzoea sana.

"Mzee Bura, umekuja na kidole, au umekisahau kwenye mahindi?"

"Ninacho," baba hujibu, "ila leo kina njaa, usikicheleweshe sana."

Hapo huulizana habari za mvua na mifugo, na mimi nimesimama nyuma nimenuna.

Ilipofunguliwa benki mpya mtaa wa pili, nikamshauri tuhamie, maana huduma yao ilikuwa ya haraka. Akauliza jambo moja tu: "Na huko watanijua?"

"Watakujua, baba."

Tukaenda pamoja kufunga akaunti ya zamani. Kisha nikamwacha hotelini anywe chai, nikaenda benki mpya peke yangu. Fomu ilikuwa na nafasi ya majina mawili. Nikajaza langu tu. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nilikuwa na haraka. Si kweli, mwanangu. Niliona aibu vijana wale wenye tai wamwone baba yangu, na shuka lake la lubega begani, akipakwa wino kidoleni. Nikajiambia nitamwongeza siku nyingine.

Mavuno yakafika. Nikiwa Endabash kununua mahindi, mkanda wa mashine ukakatika. Akina mama walikuwa wamejaa na magunia yao, basi baba hakunisubiri. Alidandia lori, akaenda Arusha kutoa fedha anunue mkanda mwingine. Jioni niliporudi, akina mama wakaniambia, nikamkuta kituoni anashuka.

"Baba, mkanda uko wapi?"

Akakung'uta vumbi kwanza.

"Wamesema akaunti ile ni ya kijana mmoja," akasema taratibu. "Nikawaambia namfahamu. Nimemlea mimi."



Wiki iliyofuata nilimsihi twende nikamwandikishe. Akakataa. "Endelea wewe. Mimi narudi kwa ng'ombe." Niliomba radhi, akanisamehe, na najua alisamehe kwa moyo, kwa maana hakunisema hata kwa mama. Lakini mashineni hakukanyaga tena mpaka tulipomzika. Kazi iliendelea vizuri, hata tukaongeza mashine ya pili. Foleni ikawa ndefu na kimya. Mara ngapi nimeinua kichwa katikati ya kelele za injini, nikadhani namsikia anamtania mtu pale mlangoni! Ningetoa mashine zote mbili nimsikie mara moja tu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Badilisha unachotaka kubadilisha. Benki mpya haikuwa kosa, na ilitufaa. Ila usimwache nje mtu aliyekujengea msingi. Mshike mkono uingie naye, hata kama atakuchelewesha, hata kama watu watamtazama. Ukiona aibu, ingia naye hivyo hivyo. Aibu ile huisha ukishatoka mlangoni, bali majuto ninayo hadi leo.

Mungu akupe mvua ya upole na zizi lenye ndama. Akupe wazazi wa kukaa nao muda mrefu, na watoto watakaotamka jina lako mbele za watu bila kusita.