Sabuni ya Adoch Haikuwa Mche

Mke wangu Adoch alifua nguo maisha yake yote. Nikiulizwa alikuwa mtu gani, naanzia hapo. Mimi sikusoma, herufi nilifundishwa depo nilipoingia polisi, kwa hiyo sitasema mengi.

Alizaliwa upande wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Nilimwoa nikiwa konstebo, akanifuata kambi hadi kambi. Kila kambi alitafuta kwanza mahali pa kuanika na mahali pa kuchomea majivu, ndipo akauliza tutalala wapi. Sare zangu zilinyooka mpaka maafande wakubwa wakaanza kuleta zao. Sabuni ya duka hakuitaka. Alisema inakula nguo. Alipika yake, kama mama yake alivyopika, kwa majivu na mafuta ya yaa, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa kwetu.

Nilipostaafu tulipanga vyumba viwili Kyebando, hapa Kampala. Huku hakuna mabua ya simsim, yaani ufuta, ya kuchoma, akageukia maganda ya matoke. Wanawake wanaouza chakula walimwekea kwenye gunia. Aliyaanika juu ya bati, akayachoma, majivu akayatia kwenye jerikeni iliyotobolewa chini, akamwagia maji. Maji yalidondoka polepole, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Hayo niliyaona, maana aliyafanyia uani na mimi nilikaa uani na redio yangu. Yaliyofuata aliyafanyia jikoni. Jikoni sikuingia.

Presha ilimchukua mvua zikiwa zimekolea. Tulimzika nyumbani. Pale kaburini mdogo wake, Laker, aliniambia mbele ya watu kwamba mvua zikipungua atakuja Kampala kuchukua nguo.

Kwa ukoo wao ndivyo ilivyo. Nguo za marehemu zinakwenda kwa dada yake. Mume ndiye anayezitoa, kwa mikono yake, zikiwa zimefuliwa. Dada anavaa moja palepale, anatoka nayo nje, majirani wanaona. Nguo ikiwa nzuri, watu wanajua marehemu alikaa vizuri kwa mumewe. Ikiwa mbaya, wanajua pia.

Laker alipiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Jirani yangu Ajwang alisikia. Huyu ni mama wa Kisumu, anauza samaki wakavu hapo senta, mwanawe anaitwa Odera.

"Lete nikufulie, mzee," alisema. "Afande mzima na petikoti, watu watakuonaje?"

"Nitafua mwenyewe, Mama Odera."

"Wewe? Soksi zako tu zinakushinda."

Nilikataa kwa sababu nilitaka zifuliwe kwa sabuni ya Adoch. Nguo zake, sabuni yake. Lakini bombani sikutaka kwenda. Bomba letu liko mbele ya nyumba na wanawake hawakauki pale. Mzee wa polisi ameinama juu ya nguo za ndani za mke wake, hapana. Nikaamua nitafua ndani, mlango umefungwa.

Jikoni, juu ya rafu, kulikuwa na kopo la rangi lenye kifuniko. Nilifungua. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kidogo, kilaini, kama uji uliopoa. Kilinuka moshi na mafuta ya yaa. Nikajua ni sabuni yake. Nikajua pia, au nilidhani najua, kwamba hakuimaliza. Kwangu sabuni ni mche. Sabuni ya depo ilikuwa mche, ya dukani ni mche. Alifulia bombani mimi nikiwa kazini, au baadaye niko uani na redio, nikarudi nikakuta nguo zimepigwa pasi. Basi nikasema, mwanamke huyu kifo kilimkuta katikati ya kazi, nitamalizia.

Nilimwaga kopo lote kwenye sufuria. Nikaongeza maji ya majivu yaliyobaki kwenye jerikeni, nikakoroga juu ya sigiri tangu asubuhi. Ikachemka, ikapanda, ikashuka. Ikapoa. Bado uji. Nikawasha tena. Bado uji.

Nikaenda dukani, kwa yule anayewauzia watu wa sabuni kostiki, ule unga mweupe mkali.

"Unapika sabuni, mzee?" aliniuliza. "Pima vizuri."

"Najua," nikamwambia.

Sikujua. Nilitia kwa macho. Sufuria ikatoa povu na mvuke ulionikata pumzi, kisha ikaanza kushika. Nikatia tena kidogo. Ilipokuwa ngumu niliigeuza juu ya ubao, nikaikata kwa panga, nikaipanga dirishani. Ilikuwa miche kweli. Nilikaa nikaiangalia, na nasema bila kuficha, niliona nimefanya jambo kubwa. Nilimwambia Adoch kwa sauti, tazama.

Siku ya kufua nilifunga mlango. Nilijaza beseni kubwa, nikakwangua miche humo, nikaweka kila kitu. Vitenge, blauzi ya kanisani, petikoti, gomesi ya hariri, lile gauni refu la sherehe alilovaa kwenye harusi ya binti yetu. Vidole viliteleza kama nimeshika kambare, halafu vikaanza kuwaka. Nikadhani ndiyo nguvu ya sabuni. Nikaziacha zilowe mpaka kesho yake.

Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya zambarau. Nilivuta gomesi. Mkono wake mmoja ulibaki kwenye maji. Nilivuta kitenge, maua yote yalikuwa yamekwenda, kimebaki kama kitambaa cha kufungia maiti. Nikavuta kingine, na kingine. Sikukaa chini. Nilibeba beseni hadi mlango wa nyuma, nikamwaga maji mtaroni, haraka, kama mwizi.

Mtaro ule unapita kwa Ajwang.

"Afande, fungua," alisema mlangoni. "Mtaro umekuwa zambarau. Umechinja nini humo?"

Nikafungua. Aliona beseni. Akachukua mche mmoja, akaunusa, akaurudisha upesi akafuta vidole kwenye sketi.

"Umetia nini hapa?"

"Kostiki. Ilikataa kushika."

"Kushika vipi?"

"Kuwa ngumu. Ile aliyoacha kwenye kopo ilikuwa haijaiva. Nikaimalizia."

Ajwang akaketi juu ya jerikeni. "Mzee," akasema, "ile ilikuwa imeiva."

"Ilikuwa uji."

"Ndivyo ilivyo. Sabuni ya majivu haiwi mche hata siku moja. Tulikuwa tunachota na vidole, hivi, tunapaka. Bomba zima linajua. Wewe umelala na yule mama maisha yote, hujui sabuni yake inafananaje?"

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

"Ulitia kopo lote?"

"Lote."

"Aliipika tayari anaumwa," akasema. "Mimi nilimshikia mwiko. Akapumzika, akakoroga, akapumzika. Alisema hii itatufikisha Krismasi."

Niliangalia miche ile dirishani.

Baadaye Ajwang alianza kunitafutia njia. "Mwambie shemeji yako zimeliwa na panya."

"Panya hawaondoi rangi."

"Basi sema ni mimi. Sema ulimpa Mjaluo nguo afue, akaziharibu. Atanitukana kidogo, mimi nitamtukana kidogo, yatakwisha. Na wewe hutaaibika."

Nilipaswa kukataa. Sikukataa. Niliangalia chini, na Ajwang akachukua kule kuangalia chini kuwa ndiyo.

Jumamosi Laker alikuja. Alikuwa amefunga nywele na kitambaa cheusi, ana begi tupu la kubebea nguo. Nilimpa chai, hakunywa. Huyu aliuza mitumba Juba miaka mingi, Kiswahili anakijua na nguo anazijua. Ajwang alikuwa ameingia, amesimama karibu na mlango tayari kwa kazi yake.

Nilitoa nguo kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimezikunja vizuri. Laker alifungua ya kwanza, akainyoosha mbele ya mwanga. Akafungua ya pili. Gomesi aliishika pale mkono ulipokatikia.

"Nani alifua?" aliuliza.

"Ni mimi, mama," Ajwang akaanza. "Unajua hizi sabuni za siku hizi, mtu hawezi..."

"Mimi," nikasema.

Ajwang aligeuka kunitazama.

"Wewe shemeji?"

"Mimi. Huyu anaficha aibu yangu. Nilichukua sabuni ya dada yako, iliyokuwa imekwisha kuiva, nikaiharibu kwa kostiki. Nikaharibu na nguo."

"Na hukuuliza mtu?"

"Sikuuliza."

"Ulifulia wapi?"

"Humu ndani. Nilifunga mlango."

Laker aliangalia mlango, akaniangalia mimi. Nilingoja anitukane. Alizirudisha nguo kwenye mikunjo yake, moja moja, taratibu, kama bado ni nguo.

"Kuna ambayo hukuigusa?" akauliza.

Ilikuwepo. Kitenge chake cha jikoni, kilichochakaa. Nilikuwa nakilalia chini ya mto. Kilikuwa bado na moshi wake na jasho lake, na sikutaka kukitoa. Nilikuwa nimekiiba, kwa sababu hakikuwa changu tena. Halafu nikaingia chumbani, nikakileta.

Laker alikishika puani. Aligeukia ukuta kwa muda. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Hiki hakijafuliwa."

"Hakijafuliwa."

"Nitatoka nacho hiki. Lakini si hivi. Nenda bombani."

"Laker, acha nifue hapa ndani."

"Ndani umeshafua, shemeji."

Nilichukua kitenge, nikatoka. Wanawake walikuwa pale wote, na mabeseni yao. Maongezi yalikatika. Ajwang alinipita, akasogeza beseni lake pembeni, akaweka kipande cha sabuni ya duka juu ya jiwe. Magoti yangu hayakunjiki tena, nikainama kutoka kiunoni, makalio juu, mbele ya watu.

Nilisugua kama tulivyofundishwa depo.

"Polepole, afande, hiyo si buti," Ajwang akasema.

Msichana mmoja akacheka, na wengine wakacheka. Mimi niliendelea. Moshi ulitoka kwanza. Maji yakawa ya kijivu, yakaenda na mtaro, na ile harufu ikaenda nayo. Nilijua inakwenda. Laker alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Suuza tena," alisema.

Nikasuuza tena. Nikakikamua, nikampa. Hakungoja kikauke. Alikifunga kiunoni juu ya gauni lake la safari, kinadondosha maji, akapita katikati ya wanawake hadi barabarani, akasimama hapo watu wamwone. Wanawake walikiangalia kitenge. Kisha wakaniangalia mimi. Mikono yangu ilikuwa imelowa hadi viwiko, na sikujua pa kuiweka.