Tarima ya Mama Casilda

Casilda Uscanga alizaliwa mtaa wa La Huaca, hapa mjini Veracruz, Mexico, na hata sasa, akiwa na miaka sabini na mmoja, hawezi kuishi penye kimya. Asubuhi huchoma picada uani kwake, vile vimkate vya mahindi vyenye kingo za kufinywa. Huvifinya vikiwa vya moto bado, na ukimwuliza kama haungui, atakuambia vidole vyake viliungua zamani, sasa vinafanya kazi tu. Mimi ni Eligio, napiga harana, gitaa letu dogo. Yeye ndiye aliyenisimamia ubatizo, na maisha yangu yote ameniita mwanangu.

Jumamosi jioni uani kwake huwa pana ngoma. Katikati inawekwa tarima, sanduku pana la mbao la kuchezea, alilolichonga marehemu mumewe. Sisi wapigaji tunaizunguka, wanawake wanapanda. Sheria ni moja, na kila mtoto wa mtaa anaijua: mwanamke akitaka zamu, anapanda na kumgusa begani anayecheza. Aliyeguswa anashuka. Habishi, haulizi. Awe mke wa tajiri au muuza samaki, atashuka. Akikataa, vyombo vinanyamaza mpaka ashuke.

Basi mwaka jana ikaja kampuni ya kuwatembeza wageni, iwaonyeshe utamaduni wetu, chakula chetu na muziki wetu, vyote kwa saa tatu. Niseme wazi, kampuni ile naichukia mpaka leo. Ilimtuma binti mmoja, Renata, mwenye maneno matamu, akamwomba Mama Casilda awaazime tarima. Mama alikubali kwa sharti moja: yeye acheze wa kwanza, kwa kuwa tangu mumewe afe hakuna mwingine aliyefungua ngoma juu yake. Renata akaapa, nasi wapigaji akatukodi.

Siku ilipofika tukaikuta tarima juu ya jukwaa, imezungushiwa kamba. Mama alivishwa gauni jeupe akapelekwa kwenye jiko la pembeni, awachomee wageni picada huku wakimpiga picha. Akaulizia zamu yake. Renata akamweleza kwamba wachezaji wameletwa kutoka chuo, wamefanya mazoezi miezi mitatu.

"Ya nini ujichoshe, bibi?" alimwambia. "Wewe tupikie tu."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, na mwenyeji akafungiwa jikoni. Sisi wapigaji tulionywa tusiache kupiga hata kidogo, liwe liwalo, maana muda umepangwa. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Nami, mjinga, nikaitikia.

Tulipoanza wimbo wa pili, Mama aliliacha jiko. Alipita chini ya kamba, akapanda na unga mikononi, akamgusa begani msichana aliyekuwa akicheza.

Msichana hakuelewa. Alikuwa amefundishwa hatua zote isipokuwa hiyo. Alidhani bibi anataka picha. Akamkumbatia kwa furaha, akamgeuza awaelekee wageni, nao wakapiga makofi na kuinua simu. Mama akabaki ameshikwa kiuno pale juu, miguu yake haijagonga ubao hata mara moja. Kisha akageuza shingo, akatutazama sisi. Alikuwa anangoja vyombo vinyamaze.

Havikunyamaza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake, na bado mkono wangu uliendelea kukwaruza nyuzi. Nimemlaumu Renata, nimeilaumu kampuni, siku nyingine nimemlaumu hata yule msichana. Upuuzi mtupu. Msichana hakujua. Mimi nilijua.

Alishuka mwenyewe. Alipofika kwangu alisema taratibu, "Huyo mtoto wa watu hana kosa. Nyinyi je?"



Jumatatu aliifuata tarima yake kwa mkokoteni, na Jumamosi ngoma ikarudi uani. Nikaenda na harana yangu. Majirani walinisogezea nafasi kwenye duara kama kawaida. Lakini Mama aliinuka jikoni, akanipa sahani iliyojaa, akavuta kiti, akakiweka kule ukutani, mbali na tarima.

"Karibu, bwana," akaniambia. "Wageni wanakaa hapa. Kula, utazame."

Nikaiegemeza harana ukutani, nikakaa.