Kipande cha Njaa

Siku niliyopima mahindi ya Katangi nilikaribia kuimba. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya ghala, mama mwenye shamba ameshika gunia lisizunguke, na mimi nimechuchumaa nikisoma mshale. Nikasoma. Nikagonga kioo kwa kucha. Nikasoma tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu. Hebu tushushe, tupime upya."

Tulipima mara tatu, na mara zote tatu mshale ulisema jambo lilelile: kipande ambacho hakikuwekwa chochote kilikuwa kimezaa kuliko kipande cha mashimo.

Lazima nieleze mashimo. Msimamizi wangu wa masomo ya uzamili, ambaye sisi sote katika idara tulimwita Daktari kana kwamba hakukuwa na madaktari wengine, alikuwa ameyapa mashimo sehemu kubwa ya umri wake. Badala ya kulima shamba lote, mkulima anachimba mashimo mapana, anachanganya udongo na samadi, anapanda mbegu tano katika kila shimo, na hata mvua ikiwa ya kunyunyiza tu, maji yanakusanyika pale penye mizizi. Daktari aliyahubiri mashimo darasani na kwenye baraza za chifu, na nilisikia kwamba aliwahi kuyahubiri mazishini. Nilipofika kampasi yetu ndogo iliyo juu ya mji wa Machakos, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, swali langu la kwanza kwake lilikuwa: tunajuaje kwamba yanafanya kazi? Akacheka mpaka akavua miwani. "Basi nenda uthibitishe kwamba hatujui," akasema. "Hiyo ndiyo tasnifu yako."

Mvua za vuli zilipoanza nikapanda kwenye mashamba matatu upande wa Yatta. Kila shamba lilikuwa na vipande viwili vilivyopakana: kimoja cha mashimo, na kingine cha kulinganishia, kilichopandwa mbegu ileile siku ileile, ila bila shimo, bila samadi, bila msaada wowote. Bila hicho cha pili huna utafiti. Huwezi kusema dawa imeponya kama hujui mgonjwa angekuwaje bila dawa. Wanakijiji hawakuhitaji maelezo marefu hivyo. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wamekibatiza kipande cha njaa.

Na nilikuwa na haraka. Idara ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na ilikuwa ya yule ambaye angemaliza tasnifu kufikia Juni. Tulioitaka tulikuwa wawili: mimi, na kijana mmoja aliyekuwa akitafiti nyuki. Nyuki wake walikuwa wanaendelea vizuri sana. Mimi nikikosa matokeo ya msimu huo ningengoja vuli nyingine, maana masika ya upande ule hayategemewi, na mwaka ungekwenda pamoja na nafasi.

Kwa hiyo mtanisamehe jinsi nilivyoteremka kutoka shamba lile. Nilikuwa nikirukaruka kwenye matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, kama mbuzi aliyefunguliwa. Katika shamba la kwanza vipande viwili vilikuwa vimelingana. Katika la pili cha njaa kilikuwa kimepita kidogo. Na sasa hili la tatu, ushindi mtupu. Miaka yote ya mashimo, na aliyeyafukia ni mimi! Katangi sokoni nikajinunulia soda na mandazi mawili, nikamweleza mwenye duka habari za sayansi ya udongo mpaka akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Jumatatu nilimwekea Daktari jedwali mezani. Alilisoma polepole, akafuata tarakimu kwa kalamu, akarudi juu, akafuata tena.

"Umefurahi," akasema.

"Sijafurahi, Daktari. Matokeo ni matokeo."

"Umefurahi. Masikio yako yanacheka." Akanirudishia karatasi. "Semina ni Ijumaa. Kabla hujanizika mbele ya idara nzima, niletee udongo. Mifuko miwili kila shamba, mmoja kila kipande. Nataka kujua ninauawa na nini."

Nilikasirika kidogo. Mtu aliyeshindwa, nikajiambia, siku zote huomba vipimo zaidi. Lakini Jumanne nilikuwa Katangi na koleo dogo na mifuko yangu ya nailoni. Mama alikuwa kikundini, kwa hiyo nikaingia shambani peke yangu, nikapiga magoti katika kipande cha njaa, nikachimba.

Udongo wa pale ni mwekundu na mgumu, unatoka vipande kama matofali yaliyovunjika. Huu ulitoka mweusi. Ulikuwa laini na ulikuwa na minyoo. Nikachimba kando ya shina jingine: mweusi. Kati ya mistari: mwekundu. Kila shina lilikuwa limelishwa kwa mkono, likafunikwa vizuri kama mtoto.

Mama alinikuta bado nimepiga magoti. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, na alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimbiana matuta kwa zamu.

"Mwiitu," akaniita, yaani binti kwa Kikamba, "unaomba?"

"Mama, hapa kuliwekwa nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Huu mchanga ni mweusi."

"Mchanga ni mchanga."

Mumewe, aliyekuwa akinoa panga mlangoni, akaanza kucheka. "Mwambie! Mwambie mtoto ya watu vile ulikuwa unabeba ndoo."

"Wewe nyamaza. Na nani alikuwa anafagia zizi?"

"Mimi nilitumwa."

"Mama," nikasema, "tulikubaliana. Nilikuambia hapa kusiwekwe kitu."

"Uliniambia nisiweke mbolea ya chuo. Sikuweka ya chuo hata kijiko. Hiyo ni ya ng'ombe yangu." Kisha akaweka mikono kiunoni, na nikajua mashtaka yamegeuka. "Sasa wewe ulitaka nifanye nini? Jumapili kanisa yote inapita hii njia. Yote! Padre anapita. Wale wa mwethya wanapita, na mimi ndio nawaambia vile wanalima. Halafu mahindi ya mwenyekiti imekonda hivi, imekuwa ya manjano, inaangalia watu kama yatima. Wakaanza kuniuliza, mama, uko mgonjwa? Bwana yako ameacha kukusaidia?"

"Hata mimi niliulizwa," mumewe akasema.

"Ukipewa mgonjwa kwa boma yako, uambiwe usimpe uji, utakaa unaangalia?"

"Lakini mbona imepita hata ile ya mashimo?"

Akaangalia chini kwa mara ya kwanza. "Ile ya mashimo ilikuwa na mambo yake. Hii niliionea huruma."

Nikakaa chini. Nilidhani nitalia, na nilichotoa ni kicheko cha ajabu, kikaja kingine, na mumewe naye akaanza upya, na mama akatuangalia sote wawili kama watu walioumwa na kitu. Miezi mitano nilikuwa nikija kila wiki ya pili na daftari langu. Niliona kile kipande kinazidi kuwa kijani. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, "inashangaza", nikapigia mstari. Mimi niliyemuuliza kila mtu anajuaje, sikumuuliza mama hata mara moja, kwa sababu jibu lilikuwa linanipendeza.

Nilipotulia mama alikuwa ameelewa kwamba ameharibu kitu. Nilimweleza habari za Ijumaa, na Juni, na kijana wa nyuki. Akafikiri. Akanyoosha mkono kuelekea pembe ya juu ya kipande, karibu na ua.

"Pale juu hatukufika. Samadi iliisha. Chukua mchanga ya pale, uweke kwa mfuko, uende. Nani atajua?"

Nilikwenda. Sitaficha. Nilitembea mpaka ile pembe, nikachimba, udongo ukatoka mwekundu safi, nikaujaza mfukoni nikafunga na mpira. Ulikuwa mfuko mzuri. Ungempeleka Daktari kaburini na mimi kwenye kiti cha mhadhiri msaidizi, na mimi peke yangu ningejua kwamba sijui kitu. Nikasimama nao kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Kisha nikarudi nikaujaza mwingine kutoka chini ya shina, ule mweusi wenye minyoo, nikaandika kwenye yote miwili ulikotoka.

Mashamba mengine mawili niliyapitia Jumatano, nikiuliza sasa kwa adabu. Katika la kwanza bibi mmoja aliniambia alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo tu, "kidogo, kila siku." Katika la pili mzee alikuwa amekata mfereji kutoka barabarani, maji yote ya mvua yakaingia kwenye kipande cha njaa. Aliuonyesha mfereji kwa fahari, akaniomba niuandike.

Ijumaa nilisimama mbele ya idara na jedwali langu ukutani, nikalisoma lote, na nilipoona wameanza kumtazama Daktari kwa huruma nikasema, "Sasa nitawaeleza kwa nini jedwali hili ni bure." Nikaeleza: ndoo, maji ya vyombo, mfereji. Nilipofika kwenye yatima wanaoangalia watu, chumba kilikuwa kimeshindwa kuzuia kicheko. Kijana wa nyuki alikuwa amelaza kichwa juu ya meza. Mwenyekiti wa idara alikuwa anajifuta macho kwa ratiba ya semina.

Daktari peke yake hakucheka. Alikuwa ametazama dirishani.

"Vipande vyangu," akasema mwishowe, polepole, "vya shahada ya uzamivu. Vilikuwa kando ya barabara ya soko."

Kicheko kikakatika.

"Uliwahi kuwauliza?" nikasema. Lilitoka tu.

"Hapana," akasema. "Mimi nilipata nilichotaka: mashimo yangu yalishinda." Kisha naye akaanza kucheka, akavua miwani, na hakuweza kuendelea na kikao.

Aliniwekea sahihi fomu ya msimu mwingine jioni ileile. Nafasi ilikwenda kwa nyuki, na nilimpongeza kijana yule kwa moyo mweupe kuliko nilivyotarajia. Mama wa Katangi ndiye aliyetoa dawa ya vuli iliyofuata: kibao. Alimwamuru mumewe akichonge, na mimi nikaandika kwa rangi nyeupe, kwa maneno yake, NJAA HII NI YA CHUO, SI YA MWENYE SHAMBA. Jumapili baada ya misa watu walisimama wakisoma, wakimpa mama pole, na yeye akiwaonyesha mimi kwa kidole.

Mwezi wa Desemba mahindi ya kipande kile yalikuwa yamefika magotini yakakomea hapo, ya manjano, yamekunja majani kama watu wenye baridi. Nilipiga magoti, nikachimba. Mwekundu. Kila shina, mwekundu. Nilikwenda mstari kwa mstari nikipima na kuandika, nimefurahi mno, huku mama akipita mbali na ndoo yake amegeuza uso asiyaone.

Februari tukapima. Mashimo yalishinda, na si kidogo. Nilirudia mara tatu, nikitumaini kidogo kwamba nimekosea, kisha nikatafuta mtu mwenye simu nimpigie Daktari.