Nikumbushe Kesho

Kila asubuhi mpiga chapa alipowasha kompyuta dukani kwake, kisanduku kilijitokeza katikati ya kioo: "Mfumo mpya uko tayari. Uwekwe sasa, au tukukumbushe kesho?" Kabla ya kujibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mtu akikuuliza jambo, si adabu kumjibu ovyo.

Fundi wa duka la jirani alishachoka naye. "Mzee, mfumo huo umezeeka. Siku moja utakugomea."

"Hata mimi nimezeeka, na sijamgomea mtu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusuasua. Zamani watu walipanga foleni kuchapiwa barua. Siku hizi kila mtu ana simu kiganjani, na kiti cha wateja kimekaliwa na feni mbovu. Nyumbani, tangu mkewe afariki, inayozungumza ni redio, nayo haingoji jibu.

Jioni moja binti yake, anayeishi mbali, alipiga simu, mbio mbio kama kawaida yake. "Baba, kubali tu uwekewe huo mfumo. Ukishakubali, hakuna tena wa kukusumbua kila siku."

"Hapo ndipo penye kazi, mwanangu," alisema, lakini simu ilikuwa imeshakatika.

Asubuhi kisanduku kilikuja, kikauliza. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogeza kiti karibu, akabonyeza "kesho".

"Haya," akakiambia. "Usiache kuja."