Nilivyompita Baba Mkwe Barabarani

Watu wa siku hizi wanaponilalamikia juu ya dereva anayejikokota katikati ya barabara na kuwafungia wenziwe njia, huwasikiliza hadi mwisho, kisha huwauliza kama dereva huyo alikuwa baba mkwe wao. Wa kwangu mimi alikuwa baba mkwe. Gari lake lilivutwa na maksai wawili, naye alijua tangu alfajiri ni nani anayekuja nyuma yake na anawahi nini.

Mume wangu alifariki tarehe 19 Machi 1951. Tarehe hiyo niliinakili kwa mkono wangu, nilipokwisha kujua kuandika, kutoka katika kitabu cha maziko cha kanisa letu. Aliniachia nyumba, shamba la uwele na mtama, na gari la maksai tulilolitumia kupeleka karanga Kiomboi kutoka kijijini kwetu, upande wa Kinyangiri. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua nirithiwe na shemeji yangu. Mara ya kwanza nilikataa kwa maneno mengi na heshima nyingi. Mara ya pili nilikataa kwa neno moja. Baba mkwe alisema mjane asiye na mtu wa kumwambia keti hawezi kujua lini amesimama mno.

Ndipo mwalimu wa darasa la wanawake wazima alipotangaza kanisani kwamba majina yangeandikwa Kiomboi siku ya Jumatatu, tarehe 8 Septemba 1952, na kwamba daftari lingefungwa saa nane mchana. Atakayechelewa angengoja mwaka mzima. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili na sijui hata herufi moja. Mwaka huo wa kungoja niliujua ungepitaje. Kabla haujaisha ningekuwa jikoni kwa shemeji, nikipika ugali wa mtu niliyemkataa mara mbili.

Tuliondoka kabla jua halijatoka, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu, yeye akiwa ameketi juu ya magunia ya karanga, mimi nikitembea ubavuni mwa maksai na ufito mkononi. Mwanamke kuswaga maksai lilikuwa jambo la kusemwa visimani, nasi tulikuwa tumezoea kusemwa. Tulipofikia njia panda tukaona gari la baba mkwe likitoka kwenye njia ya boma lake na kuingia barabarani mbele yetu. Siku yake ya kwenda Kiomboi ilikuwa Alhamisi. Miaka yote ilikuwa Alhamisi.

Sina budi kueleza mila yetu, maana asiyeijua atauliza kwa nini sikumpita papo hapo. Kwetu mke hampiti baba mkwe njiani. Akimkuta mbele, hukaa nyuma. Akiwa na haraka ya msiba au ya uchungu wa uzazi, huacha njia, huingia porini na kuzunguka, ili mzee asione uso wake ukimtangulia. Mtu kwa miguu aweza kuzunguka. Gari la maksai halina uwezo huo, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Basi tukamfuata. Alikwenda mwendo ambao sijapata kuuona kwa maksai wenye afya. Alikutana na mchunga mbuzi, akasimama kumwuliza habari za mama yake, za ndama wake, na za yule ndama mwingine mwenye baka jeupe. Alisimama kunusa ugoro. Alisimama kutazama gurudumu lisilokuwa na kasoro. Vumbi la Septemba lilitulia mpaka nikaanza kuziona kwato za maksai wetu wenyewe.

Wifi yangu, kwa kuwa ni binti yake, alikuwa na ruhusa ya ulimi. Tulikuwa tukizungumza Kinyiramba. Nayaandika maneno yake kama niyakumbukavyo.

"Baba! Hao maksai wamelala au wamekufa wamesimama?"

"Wana adabu," akajibu bila kugeuka. "Hawakimbilii wasikoitwa."

"Wenzako tumeitwa, na daftari linafungwa!"

"Mwenye haraka na ajivike nira, avute mwenyewe."

Wifi akanigeukia. "Umesikia? Baba yangu huyo, mimi mwenyewe namwonea haya."

Jua lilikuwa limekaribia utosini tulipoingia mahali ambapo barabara hupita penye majabali, mkono huu jabali, mkono huu korongo. Hapo ndipo lori la mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini lilipotukuta kwa nyuma na kuanza kupiga honi. Nililisogeza gari langu mpaka gurudumu likakwaruza jiwe, lori likapenya kwa shida, likajikuta nyuma ya baba mkwe. Pale likakwama. Mimi alinizuia kwa mila. Lori alilizuia kwa kukaa katikati tu.

Dereva, mtu mwenye asili ya pwani na kofia iliyopauka, alishuka akaenda mbele kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Tupishe kidogo, tafadhali."

"Marahaba. Pita."

"Nipite wapi, mzee wangu? Juu ya majabali?"

"Kijana, barabara hii tuliichimba kwa majembe yetu, bwana shauri wa Kizungu amesimama juu ya vichwa vyetu. Hilo jiwe unaloegemea nililing'oa mimi. Usinifundishe pa kukaa."

Dereva aliliachia lile jiwe kana kwamba lina moto. Akarudi kwangu akijipangusa uso. "Na wewe, mama, mbona umetulia? Asubuhi yote uko nyuma ya huyu?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Ana magurudumu mangapi, baba mkwe wako?"

"Mawili."

"Mimi nina sita na nimeshindwa! Basi wewe jaribu miguu."

Alisema kwa mzaha. Nikamwuliza saa. Akatazama mkononi: saa sita kasoro dakika kumi. Kutoka hapo mpaka Kiomboi, kwa mwanamke asiyebeba kitu, ni mwendo wa saa mbili kasoro kidogo. Nikampa wifi ufito.

"Zunguka korongoni," akaninong'oneza. "Utokee mbele kabisa, asikuone. Hapo hatakuwa na la kusema."

Nikalitazama korongo. Lilikuwa na miiba, lakini sikuiogopa miiba. Nilikuwa nimezunguka kwa mwaka mmoja na nusu: nikipita nyuma ya nyumba nisikutane na wazee, nikienda kisimani saa ambayo hakuna mtu, nikijibu "nitafikiri" kwa jambo nililokwisha kulifikiri. Nikajifunga khanga kiunoni, nikapita ubavuni mwa lori, nikashika barabara.

Nilipofika usawa wa bega lake nikapiga goti kidogo, kama nilivyofundishwa, nikainua uso.

"Shikamoo, baba. Napita."

Nikapiga hatua mbili za kumtangulia ndipo sauti yake ikanifikia.

"Rudi nyuma."

"Nyuma kuna nini, baba?"

"Kuna nyumba ya mwanangu."

"Nimeifagia kabla ya kutoka."

Nikasikia mjeledi. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alitaka maksai wake wakimbie. Walitikisa masikio. Asubuhi nzima alikuwa amewafundisha kuchelewa, nao walikuwa wamefundishika; walinyanyua kwato taratibu, wakazitua taratibu, naye akiwaita kwa majina na kuwatukana mama zao. Dereva wa lori akaning'inia dirishani akapiga honi tatu, safari hii si za hasira. Wifi alipiga vigelegele mpaka magunia yakatikisika.

Sikugeuka. Nasema hivi kwa kuwa baadaye ilisemwa kwamba niligeuka nikacheka. Nilikuwa na mwendo wa kutunza.

Niliingia Kiomboi nikiwa mwekundu kwa vumbi hadi magotini. Saa ya ukutani, kwa maneno ya mwalimu mwenyewe, ilionyesha saa nane kasoro robo. Aliniuliza jina, kijiji, na jina la mume wangu.

"Mume wangu ni marehemu," nikamwambia. "Andika langu."

Akaliandika. Lori lilipita dirishani baada ya daftari kufungwa. Gari langu lilifika jua likielekea kuzama, wifi ameketi juu yake kama bibi harusi, na baba mkwe bado yuko mbele yake.

Jumapili iliyofuata, tarehe 14 Septemba, baada ya ibada, nilishtakiwa mbele ya wazee wa ukoo. Nilikubali kosa: nilimpita, mchana, barabarani, uso wazi. Wakanitoza mbuzi mmoja. Nikauliza kama yupo mzee yeyote pale aliyewahi kumwona baba mkwe akienda Kiomboi siku ya Jumatatu. Nikasema mbuzi nitamtoa siku ambayo yeye atasema mbele yao, kwa kinywa chake, alikuwa akienda kufanya nini. Baba mkwe akafungua kopo la ugoro, akalifunga.

Darasa lilikuwa la siku mbili kila juma, Jumatatu na Jumanne, nami nikilala kwa shangazi yangu. Mara nyingi nilimkuta mzee barabarani, maana alianza kuzipenda sana Jumatatu. Hakusogea pembeni hata siku moja. Nami sikukaa nyuma yake hata siku moja. Nilipiga goti, nilimwamkia, nilipita.

Alifariki mwaka 1957 bila kusema Jumatatu ile alikuwa akienda kufanya nini. Nilimlilia, kwa kuwa alikuwa baba wa mume wangu. Mbuzi yule, mweusi mwenye pembe moja fupi, sikumtoa. Alizaa mapacha, na hao nao wakazaa.